Upara si Ugonjwa Mmoja, Kikagueni Kichwa Kabla ya Kununua Mafuta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaume wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini wanaonyonyoka nywele. Sokoni na stendi chupa moja ya mafuta huuzwa kwa kila mwenye upara, wakati nywele huondoka kwa sababu zisizofanana, na dawa ya hii haigusi ile. Hela inayoishia hapo inaniuma, maana kukagua ni bure.

Simama penye mwanga wa mchana, shika vioo viwili, au mwambie mwenzako akutazame. Nywele zikirudi nyuma kwenye panja na kupungua utosini, ngozi haiwashi na matundu ya nywele bado yanaonekana, huo ni upara wa kurithi. Unatoka upande wa baba na wa mama pia, si kwa wajomba peke yao. Kofia ya sufu ya mwezi wa saba haiusababishi, wala helmeti ya bodaboda, ingawa helmeti ya kuazimana inaweza kusambaza fangasi. Duara laini kama sarafu, lisilo na magamba, mara nyingi ni kinga ya mwili inayoshambulia mizizi ya nywele. Duara lenye magamba na nywele zilizokatika ni mapunye, hasa kwa watoto; hayo hutibiwa kwa vidonge kama griseofulvini kwa wiki 6 hadi 8, kwa sababu dawa ya kupaka haifiki kwenye mzizi. Krimu kali za betamethasoni huondoa wekundu huku fangasi wakizidi kuenea. Na nywele zikitoka viraka viraka ovyo kama nguo iliyoliwa na nondo, pima kaswende.

Ukiona zinadondoka kichwa kizima kwa ghafla, hesabu miezi 2 au 3 kurudi nyuma. Ulilazwa kwa malaria kali, homa ya matumbo au upasuaji? Basi mwili ulizipumzisha nywele nyingi kwa pamoja, na kwa kawaida zitarudi zenyewe.

Kwa upara wa kurithi, homoni iitwayo DHT husinyaza mizizi ya mbele na ya utosini, kila mzunguko nywele inarudi nyembamba na fupi zaidi. Dawa ya kupaka yenye ushahidi ni minoksidili ya asilimia 5: mililita 1 asubuhi na 1 jioni, kwenye ngozi kavu, si juu ya nywele. Nawa mikono, na ya jioni uipake ukiwa umebakiza muda wa saa 2 hadi 4 kabla ya kulala, la sivyo itaishia kwenye mto na kuotesha nywele usoni. Kati ya wiki ya 2 na ya 8 nywele huweza kudondoka zaidi, na hapo ndipo wengi huitupa. Ni nywele kongwe zinazopisha mpya. Pima matokeo baada ya miezi 4 hadi 6. Ukiacha, ulichopata kinapotea ndani ya miezi michache. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, na chupa ikae mbali na paka, kwani ni sumu kwao.

Finasteraidi ya miligramu 1 kwa siku hupunguza DHT yenyewe, lakini ni ya kuandikiwa na daktari. Kwa baadhi ya wanaume hupunguza hamu ya tendo la ndoa. Hushusha pia kipimo cha PSA cha tezi dume kwa karibu nusu, kwa hiyo mpimaji lazima aambiwe. Mama mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Kinaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni.

Kuna jambo ambalo vinyozi wetu wanaweza kulizuia wenyewe: vipele vya kisogoni. Nywele yetu imejikunja. Ikinyolewa hadi kwenye ngozi, ncha yake hurudi na kuchoma ndani. Panavimba, panatoka usaha, kisha panaota kovu gumu, na mzizi uliokufa ndani ya kovu hauoteshwi na dawa yoyote. Mwenye vipele hivyo aachiwe angalau milimita 3 kisogoni, asichorwe mstari kwa wembe, asivitumbue, na aepuke kola inayosugua. Daktari akiviona mapema vinatulia kwa dawa. Vikikomaa huhitaji sindano ndani ya kovu au kisu.

Mashine nayo: brashi iondoe nywele na mafuta kwanza, ndipo spiriti ya asilimia 70 ipakwe na kuachwa ikauke yenyewe. Spiriti juu ya uchafu haifiki kwenye meno ya mashine. Maofisa afya wanaokagua saluni waombe kuoneshwa hatua zote mbili, si chupa ya spiriti iliyowekwa mezani.

Mfamasia,
Mbeya