Mwambie fundi asubiri kwanza

Ngamiani, Tanga
1 Februari 2026

Shoga angu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Huku tu wazima, ila kaskazi ya mwaka huu ina joto la kukosesha usingizi, na Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara tatu. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana mambo haya kwa simu hayaelezeki, na salio huisha kabla hatujafika popote.

Unasema lile gemu lako la magari, lililokuwa likienda vizuri kwenye Windows, huku kwenye Linux, mfumo tuliokuwekea badala ya Windows, linachechemea, na kwamba umeshampata mtu wa kukurudishia Windows. Mwambie asubiri. Hatukuihamisha laptopu yako kwa kupenda mapya tu. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, nawe yako ni ya kizazi cha sita. Ukirudi, unarudi kwenye nyumba ambayo mlango wake hakuna tena anayeutengeneza.

Mwenzio yalinikuta haya haya mwezi wa Novemba. Gemu lilikuwa linatambaa. Kwa wiki mbili nikabadilisha kila nilichosikia: toleo hili la Proton (programu inayoendesha magemu ya Windows kwenye Linux), toleo lile, nikashusha ubora wa picha hadi magari yakawa kama yamechongwa kwa panga. Wapi! Siku niliyopata akili ni siku niliyoacha kubadilisha nikaanza kupima. Niliweka programu iitwayo MangoHud, kisha ndani ya Steam, lile duka la magemu, kwenye sifa za gemu, pale panapoandikwa amri za kuliwashia, nikaweka mangohud %command%. Gemu lilipofunguka, kona ya juu kushoto kikatokea kijisanduku cha maandishi: fremu (yaani picha) 6 kwa sekunde, prosesa asilimia 97. Nikajiuliza, kwa nini prosesa ndiyo inayotokwa jasho, wakati kuchora ni kazi ya kadi ya picha?

Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika vulkaninfo --summary, inayoonyesha kadi gani inachora. Mwanaidi, pale lilipotakiwa kuwepo jina la Intel paliandikwa llvmpipe. Hiyo si kadi. Ni programu inayoifanya prosesa ichore kila nukta yenyewe, pale ambapo mfumo hauioni kadi ya picha. Kadi yangu nzima ilikuwa imekaa tu, kama mashua iliyotia nanga maji yakiwa yamejaa.

Chanzo kilikuwa neno moja. Siku ya kuiweka Linux skrini iligoma kuwaka, nikachagua njia ya tahadhari, na njia hiyo ikaniachia neno nomodeset ndani ya faili la /etc/default/grub, lenye maelekezo ya kuwasha kompyuta. Neno hilo huizuia kerneli, kiini cha Linux, kuiwasha kwa ukamilifu draiva ya picha, yaani programu inayoiendesha kadi. Nikalifuta, nikaandika sudo update-grub, nikazima na kuwasha. Fremu 38. Nilimwita mama kutoka jikoni aje aone, akaja na mwiko mkononi, akasema gari limekuwa jepesi kweli.

Kwa hiyo anza na vulkaninfo. Ukiona jina la Intel, ujue ugonjwa wako si wangu, na kwa ulivyoeleza nadhani ndivyo itakavyokuwa. Na shukuru laptopu yako ni ya kizazi cha sita. Laptopu nyingi za mtumba zinazoletwa hapa dukani ni za kizazi cha nne, na hizo kadi yake haifikii Vulkan 1.3 (Vulkan ni lugha ya kuzungumza na kadi ya picha), ambayo DXVK, mkalimani nitakayekueleza hapo chini, inaidai tangu toleo lake la 2.0 la Novemba 2022. Wenye hizo nawaonea huruma, maana hubaki na matoleo ya zamani.

Sasa yako. Umeandika mambo mawili kwa pamoja kana kwamba ni moja: gemu linashtukashtuka ukiingia barabara mpya, na baada ya kama dakika kumi linakuwa zito moja kwa moja. Hayo ni maradhi mawili, na dawa zake ni mbalimbali.

La kushtuka ni hivi. Gemu limeandikwa kuzungumza na kadi kwa lugha ya Direct3D, ya Windows. DXVK, iliyomo ndani ya Proton, inakaa katikati kama mkalimani na kuyageuza maneno kuwa ya Vulkan. Lakini kila sheda, yaani kile kijiprogramu kinachoieleza kadi namna ya kupaka mwanga au lami, lazima draiva iitafsiri upya kwa ajili ya kadi yako hasa. Ukikutana nayo mara ya kwanza, gemu linasimama kuisubiri. Ukipita tena barabara ile ile, huteleza, kwa sababu tafsiri imeshahifadhiwa kwenye kashe, yaani akiba ya tafsiri zilizokwisha kufanywa. Jaribu leo: zunguka mtaa mmoja mara tatu. Mzunguko wa tatu ukiwa laini, basi ndilo hilo. Kwa hiyo Steam ikikuambia inaandaa sheda kabla ya kufungua gemu, usiiruke, nenda kachemshe chai. Na yeyote atakayekushauri ufute kashe kila siku, usimsikilize, maana kila ukifuta unarudi mwanzo.

La uzito wa baada ya dakika kumi ni joto, karibu naapa. Kwenye laptopu yako prosesa na kadi ya picha ni kipande kimoja, vinagawana umeme mmoja na feni moja. Andika MANGOHUD_CONFIG=cpu_temp,cpu_mhz mangohud %command% kisha cheza huku unaangalia namba mbili tu. Nyuzi zikikaribia 100, na papo hapo MHz, yaani kasi ya prosesa, zikaporomoka, chipu inajipunguzia mwendo isiungue. Hapo hakuna mpangilio wa Linux utakaokuokoa. Fungua nyuma, toa lile vumbi la pamba kwenye feni, badilisha ile pesti ya kupozea iliyokauka, na usicheze laptopu ikiwa juu ya godoro, nakujua. Halafu ongeza fps_limit=30 kwenye ile amri, baada ya cpu_mhz na mkato. Fremu 30 zisizoyumba ni tamu kuliko 50 zinazoanguka hadi 17.

GameMode watakutajia wengi. Iweke ukipenda, huiamuru prosesa isilegee gemu likiwa wazi, lakini mashine inayochemka haihitaji kuhimizwa. RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ni jambo jingine. Una kijiti kimoja cha GB 8, na kadi yako haina kumbukumbu yake, inachota humo humo. Ukipata kijiti cha pili cha aina ile ile, njia ya kuchotea inakuwa mbili, na kwa kadi za namna hii tofauti huonekana kwa macho. Ningeanza na hicho kabla ya kununua chochote kingine.

Na gemu umeliacha kwenye ile partisheni (sehemu ya diski) ya zamani ya Windows, sivyo? Hiyo ni NTFS, mpangilio wa faili wa Windows, na Proton haitulii humo. Lihamishie upande wa Linux. Steam yenyewe inaweza kulihamisha bila kulipakua upya, kwa hiyo bando lako litasalimika.

Lile la mpira analolitaka Idi kucheza mtandaoni, muulize kwanza linatumia ulinzi gani dhidi ya wadanganyifu. Mengine hukataa Linux kwa makusudi, na hapo kupima hakusaidii kitu.

Usibadilishe mawili kwa mpigo. Moja, kisha pima, kisha uandike namba kwenye daftari. Nitumie picha ya kile kijisanduku, moja ya dakika ya kwanza na moja ya dakika ya kumi na tano, gari likiwa mahali pale pale.

Nina safari ya kuja Bagamoyo kabla ya mfungo, nitapitia Msata. Nitabeba bisibisi ndogo, pesti, na machungwa ya Muheza. Mwambie mama yako aniwekee ngisi.

Akupendaye,
Zuhura