Barua ya wazi kwa akina baba vijana wa mialoni ya Mwanza

Wanangu wa Igombe, Kayenze na mialoni mingine yote,

Shikamoo zenu zimenifikia, ila leo marahaba sina. Juzi shuleni wamegawa dawa za minyoo na kichocho, na baadhi yenu mkawazuia watoto nyumbani, eti dawa zinaharibu uzazi. Saa nne asubuhi nimewakuta watoto hao hao ufukweni, peku, wakichota maji na kugeuza dagaa mchangani.

Nimekuwa muuguzi hadi nikastaafu, na wengi wenu niliwapokea mimi mkizaliwa. Kinachonichosha kuliko vyote ni zile chupa za kuongeza damu. Juisi ya rosela, sharubati nyekundu ya dukani, maji ya matembele. Mke akiambiwa damu imepungua, mbio kuongeza! Hakuna anayeuliza inakwenda wapi. Tangi la mashine likivuja, yupo anayejaza petroli akaingia ziwani bila kutafuta tundu?

Mmoja wenu alinileta mkewe, mimba ya miezi saba. Vidaraja viwili vya baraza langu vilimfanya asimame aheme. Nikamvuta kope la chini, weupe mtupu. Viganja vivyo hivyo. Kwenye pindo la khanga kafunga udongo wa pemba, anautafuna kidogo kidogo. Mume ananieleza bila wasiwasi kwamba ameshanunua chupa kadhaa, na kwa kuwa hazijasaidia, basi ni jirani kamroga. Jirani! Nikauliza choo kiko wapi. Kimya. Kilibomoka na mvua za masika, siku hizi wanakwenda nyuma ya migomba.

Sasa sikilizeni. Kwenye kivuli kile, udongo ukiwa na unyevu, mayai ya minyoo ya safura huanguliwa siku moja au mbili tu. Mabuu hungoja unyayo. Hupenya ngozi, husafiri na damu hadi mapafuni, hupanda kooni, humezwa, kisha huuma ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya. Mnyoo mmoja hunywa kidogo sana kwa siku. Wakiwa mamia, miezi na miezi, na mtoto tumboni naye anadai chake, mama anabaki na nini? Zahanati walimpima wingi wa damu, wakakuta himoglobini gramu 7 kwa desilita. Mjamzito anatakiwa asipungue 11. Kinyesi chake kilikuwa na mayai ya safura. Akapewa albendazoli, maana miezi mitatu ya mwanzo ilishapita, na vidonge vya madini ya chuma. Ile hamu ya udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wenyewe. Msiwacheke wake zenu, wapelekeni wakapimwe.

Kichocho nacho ni chetu. Konokono wanaotoa vimelea vyake wako majini pale pale mnapooga na kusukuma mitumbwi, na vimelea hupenya ngozi. Mayai ya minyoo ya kichocho hutoboa utumbo na damu hutoka na choo bila mtu kujua. Mengine hukwama kwenye ini miaka na miaka, mishipa ya koo la chakula ikavimba, siku ikapasuka. Mtu anatapika damu beseni zima, mtaani mnasema kalishwa sumu.

Malaria huvunja chembe nyekundu zenyewe. Vyandarua mlivyogawiwa nimeviona: vimeanikiwa dagaa.

Mengine kwa ufupi. Viatu. Chai ya rangi isiandamane na chakula, inazuia chuma. Na si kila upungufu wa damu ni minyoo. Sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, imejaa kanda hii, mtoto apimwe.

Lakini nisiwaonee ninyi peke yenu. Ushuru wa dagaa unakusanywa kila alfajiri, na mwalo wenye mamia ya watu hauna hata tundu moja la choo. Dagaa wenyewe wanapakiwa magunia kwenda kuwa chakula cha kuku mijini, huku watoto wa waliowavua wanakula ugali kwa mchuzi. Mtoto huyo akimeza dawa leo, kesho anarudi kwenye maji yale yale. Semeni hilo kwenye mikutano ya kijiji, si kwenye pombe.

Waliokosa dawa wapelekeni zahanati wiki hii. Wanyweshwe uji kwanza. Ile ya kichocho tumbo tupu inaleta kizunguzungu na kutapika, na hapo ndipo uvumi wenu ulipoanzia.

Mama yenu, muuguzi mstaafu, Igombe