Barua ya Wazi kwa Afisa Biashara wa Mkoa wa Arusha

Ndugu Afisa Biashara,

YAH: MWONGOZO MMOJA WA ODA NA ANKARA ZA KIELEKTRONIKI

Msambazaji anayehudumia supamaketi tatu hapa mjini anaweza kuletewa oda kwa namna tatu: picha ya WhatsApp, faili la Eksel, na fomu ya kujaza mtandaoni. Karani anazipiga zote upya kwa mkono. Tunaomba ofisi yako iwaite wenye maduka, wasambazaji, SIDO (shirika la viwanda vidogo), TCCIA (chemba ya biashara, viwanda na kilimo) na GS1 Tanzania (wanaotoa namba za msimbo-mstari), wakubaliane mwongozo mmoja.

Hatuombi kiwango kipya. UN/EDIFACT, kiwango cha Umoja wa Mataifa cha kompyuta kutumiana nyaraka za biashara, ipo tangu 1987, na GS1 ina toleo lake jepesi zaidi, EANCOM. Jumbe tatu zatosha kuanzia: ORDERS kwa oda, DESADV kwa mzigo uliokwisha kutoka, INVOIC kwa ankara. Ila kiwango hicho kimeacha sehemu nyingi ziwe za hiari. Maduka mawili yanaweza kuapa kwamba yanatumia EANCOM na bado yasielewane, kwa kuwa moja linaandika bei yenye VAT na jingine bila. Hapo ndipo mwongozo unapohitajika.

Kabla ya hayo yote, namba za bidhaa zinyooshwe. Pisi moja hubeba tarakimu 13. Zilizosajiliwa GS1 Tanzania huanza na 620, za Kenya zinazoingilia Namanga 616. Katoni ya pisi 24 inataka namba yake yenyewe. Isipokuwa nayo, duka linaagiza 10 likimaanisha pisi, gari linashusha katoni 10, yaani pisi 240, na ankara inagoma kulipwa.

Namba ya katoni hupatikana hivi. Chukua mfano wa 6201234567893: ondoa tarakimu ya mwisho, tanguliza 1, kisha zidisha tarakimu zote 13 zilizopo kwa 3, 1, 3, 1 kwa zamu, kuanzia kushoto, na ujumlishe. Jumla ni 110, haipungukiwi kitu kufikia kumi kamili, basi ya mwisho ni 0: 16201234567890. Wengi hutanguliza 1 na kuiacha ile 3 ya zamani. Mfumo ukiikataa, lawama anabebeshwa skana.

Eksel nayo ina lake. Namba ya paleti, SSCC, ina tarakimu 18, nayo Eksel hutunza 15 tu. Tatu za mwisho hugeuka sifuri, na paleti mbili zikasomeka kama moja. Safu ipangwe kuwa ya maandishi kabla ya kubandika namba, baadaye haisaidii.

Kila tawi pia lipewe GLN yake, yaani namba ya mahali lilipo, mzigo wa Njiro usije ukashushwa Sakina.

Jaribio lianze na msambazaji mmoja, duka moja, bidhaa 20, karatasi zikiendelea sambamba kwa wiki nne. DESADV ifike kabla ya gari, la sivyo haina kazi. Mwenye kiwanda kidogo asilazimishwe kununua programu: ajaze fomu ya mtandaoni inayotoa ujumbe uleule.

Rasimu ya sehemu za lazima katika jumbe hizo tatu tutakuja nayo kikaoni. Tunasubiri tarehe.

Wasambazaji na watunza mifumo ya maduka,
Arusha