Kabla hamjamfukuza mwenzenu barzani

Wanangu wa barza yetu, Wete,

Assalamu alaykum. Nimesikia kwamba usiku wa Ijumaa mlikaa mkakata shauri, kwa sauti moja, mwenzenu asikanyage tena barzani. Kosa lake nalijua. Alipita siku tatu bila ya kutoa salamu, ya nne akaja, akafungwa bao, akalipindua. Kete 64 zikamwagika mpaka mtaroni. Huo ni utovu wa adabu, na hapo simtetei. Kilichonifanya nishike kalamu ni lile neno mlilofungia kikao: "Ndivyo alivyo."

Kwani yukoje? Mmekua naye, mmesoma naye chuoni kwa mwalimu mmoja, mmegawana muhogo naye. Aliyekaa miaka yote hiyo bila ya kupindua bao, akilipindua siku moja, siku hiyo ndiyo ya kuuliziwa.

Neno hilo na mimi nimewahi kulisema, tena nina bakora mkononi. Miaka ya sabini nilikuwa nasomesha skuli moja ya shamba, na darasani nina kitoto kinasinzia kila asubuhi. Nikakiita kivivu. Jumatatu nikakichapa, Jumanne nikakichapa. Jumatano usiku nikapita mtaa wao kwa haja zangu. Karafuu zilikuwa zimezaa, na kazi yake mnaijua: mchana watu wamo juu ya mikarafuu, usiku wanakaa kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, maana zikilala rundo zinavunda. Nikamkuta yumo jamvini na bibi yake, taa ya chemni mbele yao, saa nne za usiku, anachambua na macho yanafumba.

Alhamisi sikumchapa. Lakini sikumtaka radhi pia, kwani mwalimu wa zama zile hamtaki radhi mtoto. Hilo la pili ndilo linalonirudia mpaka leo.

Wapo waliokaa wakayapima mambo haya. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya Princeton, Marekani, kwa wanafunzi wanaosomea ukasisi. Kila mmoja aliambiwa aende jengo la pili akazungumze. Baadhi yao wazungumzie kisa cha Msamaria mwema, yule aliyesimama njiani kumsaidia majeruhi. Njiani wakawekewa mtu kajikunja mlangoni, anakohoa na kuguna. Walioambiwa wana nafasi ya kutosha, asilimia 63 walisaidia. Walioambiwa wameshachelewa, asilimia 10. Na kile kisa cha wema walichokibeba kichwani hakikuonekana kuwabadilisha. Ni haraka tu! Hebu niambieni, hapo nani mwenye roho mbaya?

Mwenzenu hakuwa na haraka. Alikuwa na usingizi wa siku kadhaa kichwani. Sababu yake si yangu kuiandika. Nyumba yake mnaijua.

Ila na nyinyi mmo. Siku ya kwanza alipopita kimya, wazo liliwapitia vichwani upesi kama popo: anatudharau. Aaron Beck, daktari wa Marekani, aligundua miaka ya sitini kwa wagonjwa wake kwamba baina ya tukio na hasira au huzuni hukatiza wazo dogo la namna hiyo, na mtu hulisadiki bila ya kulihoji. (Sisi dhana mbaya tumekatazwa tangu tuko chuoni, lakini kukatazwa na kuacha ni mambo mawili.) Wazo lile likawanunisha. Siku ya nne alipokuja, nimeuliza, hakuna aliyemsogezea nafasi. Aliyemfunga bao akamcheka. Kwa hiyo mkono uliolipindua ni wake, sawa, lakini mlikuwa mmeshauinua nusu.

Halafu hiyo sauti moja mnayojivunia. Solomon Asch, mwaka 1951, aliwaonesha watu mistari, wataje upi unalingana na upi. Jambo la wazi, mtoto angelijibu. Ila kila anayepimwa alizungukwa na watu waliopangwa kusema uongo kwa pamoja. Robo tatu ya waliopimwa waliufuata uongo ule, angalau mara moja. Lakini alipowekwa mmoja tu wa kusema kweli, kufuata kukapungua sana.

Mmoja wenu alinijia baada ya sala ya alfajiri Jumamosi. Aliuona mstari ulivyo, akanyamaza kwa sababu wenziwe wameshasema. Simtaji. Wala sidhani kwamba alikuwa peke yake.

Ninalolitaka ni hili. Kaeni tena kesho baada ya isha, na safari hii waanze kusema wale ambao Ijumaa walikuwa kimya. Kabla ya hapo wawili wenu waende kwake, wasiende kumhoji, waende kumjulia hali. Yeye naye aje amtake radhi mwenye bao mbele yenu nyote, na hilo nimeshamwambia.

Nimesikia kete zilizookotwa ni 61. Moja ninayo mimi, niliiona chini ya kizingiti cha duka. Mbili bado zimo mtaroni. Tafuteni naye kabla mvua haijanyesha.

Babu yenu,
mwalimu mstaafu