Malalamiko: mmenilipisha kusafisha kitu ambacho injini yangu haina

Kwa meneja wa gereji,

Habari za kazi. Mimi ndo yule dada mwenye Corolla 110 nyeupe ya mwaka 1998, injini 5A, niliyekuja kwenu mara tatu kati ya mwezi wa pili na wa nne kwa tatizo lile lile moja, gari inalia tik tik tik tik kwenye injini. Nimepiga simu mara nne naambiwa meneja hayupo, na pale mapokezi nimechoka kuanza kuelezea upya kwa kila anayenipokea, ndo maana naandika.

Siku ya kwanza kabisa fundi wenu alikua anaandika kwenye karatasi na mimi nimesimama pembeni namwona. Nilimwambia asubuhi injini ikiwa ya baridi mlio unakua mkubwa mpaka jirani anausikia, nikiendesha kama dakika kumi gari ikishika moto unapungua, siku nyingine unaisha kabisa. Nikamwambia nikikanyaga mafuta kupanda kilima unazidi. Nikamwambia na nikiwa kwenye foleni nimewasha feni nasikia harufu ya moshi humu ndani. Yote hayo kwenye karatasi akaandika neno moja, tapeti, yaani vile vikombe vinavyosukuma valvu, na ya moshi akanijibu tu dada hili gari la zamani.

Basi mkamwaga oili mkaweka nzito ya 20W-50 na dawa ya kikopo, 180,000. Mlio uko vile vile. Nikarudi, mkasema haidroliki za tapeti, zile zinazojazwa oili ndani, zimeziba uchafu lazima zifunguliwe zisafishwe, 250,000, risiti ninayo na imeandikwa hivyo hivyo. Mara ya tatu hata taa ya kumulikia hamkushika, mkaniambia injini imeisha nitafute nyingine ya Japan, 1,600,000. Siku hiyo nilikaa kwenye gari nikalia kabla ya kuiwasha, maana hiyo hela sina na gari ndo nabebea watoto wawili shule na mzigo wa biashara.

Aliyenisaidia ni mzee wa mtaani kwetu Tabata, fundi aliyeshastaafu. Alikuja saa kumi na mbili asubuhi, akasema usiiguse kwanza, ugonjwa huu unaonekana gari ikiwa imelala. Nikawasha. Akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye kava ya tapeti na mpini sikioni, akanipa na mimi nisikilize, pale juu mlio ni mwepesi tu na uko sawa mwanzo mpaka mwisho. Kisha akakata kipande cha mpira wa maji, upande mmoja sikioni upande wa pili anaupitisha taratibu pembeni ya manifodi ya eksozi, lile bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini, na alipofika silenda ya nne akanipa ule mpira. Ilikua fsu fsu fsu kama mtu anakutemea mate sikioni. Akavaa glavu ya mpira akachomoa waya wa plagi ya namba nne kwa sekunde chache, injini ikatetemeka na ule mlio ukafifia, akaurudisha na mlio ukarudi.

Akanieleza vizuri nikaelewa mimi nisiye fundi, kwamba shida si tapeti, ni moshi unavuja pale kwenye manifodi. Tapeti yenye nafasi kubwa inalia hata plagi isipochoma, kwa sababu kamshafti, ule mhimili wa juu unaozunguka, inaisukuma vile vile, ila moshi unaovuja unakosa nguvu silenda ikiacha kuchoma. Na vyote viwili vinagonga kwa mwendo mmoja, mara moja kila injini ikizunguka mara mbili, kwa hiyo ukisimama mbali vinafanana sana, inabidi usogee. Na chuma kikipata joto kinatanuka kinabana ule upenyo, ndo maana ulikua unapungua. Si ndo yale yale niliyowaambia siku ya kwanza jamani?

Alipotoa bati la kukinga joto tukaona masizi meusi yamechora mstari pale inapokaa gasketi ya kuziba kati ya manifodi na injini, na stadi ya mwisho, ile bolti inayoishikilia manifodi, imekatika. Gasketi, kutoa kile kipande cha stadi na ufundi, jumla 85,000. Gari imetulia mpaka leo, na harufu imekata. Na mnajua moshi wa eksozi una hewa ya sumu ambayo yenyewe haina harufu kabisa, wanangu wameivuta miezi mitatu wakati nyie mnanibadilishia oili.

Sasa linaloniuma zaidi. Kesho yake injini ikiwa imepoa nilimuomba afungue kava ya tapeti nijiridhishe. Nati za kava zilikua na vumbi limegandana na oili, hazijaguswa na spana muda mrefu sana. Na ndani hakuna haidroliki, injini hii haina kabisa, ina vikombe na juu yake vibati vya shimu vya kurekebisha nafasi, kama sarafu. Akapima nafasi za valvu zote 16 kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia, zote zimo kwenye kipimo kinachotakiwa. Kwa hiyo ile 250,000 mlisafisha nini?

Naomba mnirudishie 430,000 yote, na mnipe maandishi yanayosema nani alifungua hiyo kava na siku gani. Risiti zote mbili, picha za zile nati na kile kipande cha stadi ninavyo, nitakuja navyo mkitaka kuviona. Nawapa siku 14 kuanzia leo, baada ya hapo napeleka kila kitu Tume ya Ushindani. Na yule kijana wa kwenye karatasi msimfukuze, mfundisheni kusikiliza gari ikiwa ya baridi.

Mteja wenu,
mwenye Corolla nyeupe, Tabata