Barua ya Wazi kwa Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania: Mtihani wa Historia Umpe Mtahiniwa Ushahidi wa Kupima

Ndugu Katibu Mtendaji,

YAH: MAANDALIZI YA MTIHANI WA HISTORIA, KIDATO CHA NNE

Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari ya kutwa wilayani Kilwa, Mkoa wa Lindi. Nimeamua kukuandikia hadharani kwa sababu jambo ninaloliomba linagusa kazi ya kila mwalimu wa somo hili nchini, na wazazi wanaochangia kambi za masomo za watoto wao nao wana haki ya kulisikia. Ninaomba kwamba katika mtihani wa Kidato cha Nne wa somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023, mtahiniwa awekewe mbele yake ushahidi wenyewe wa kihistoria, iwe ni kipande cha maandishi ya zamani, simulizi ya mzee, picha ya gofu au ya sarafu, kisha aulizwe ushahidi huo unasema nini, umetoka kwa nani, na unastahili kuaminiwa kwa kiasi gani. Ninaomba pia kwamba mifano ya maswali ya namna hiyo, pamoja na mwongozo wa kuyasahihisha, itolewe mapema, ili shule zijue zinajiandaa kwa kitu gani.

Baraza linafahamu jinsi maandalizi yanavyokwenda sasa, lakini nitayaeleza kama yanavyoonekana kutoka darasani. Mtihani wa moko, yaani wa majaribio, ukishapita, Kidato cha Nne huingia kambini. Wanafunzi wa kutwa hulala shuleni, wazazi huleta unga, maharage na kuni, na usiku kucha taa huwaka huku vijana wakipokezana madesa, yaani majibu yaliyoandaliwa ya kukariri. Katika madesa hayo kila swali lina pointi sita: sita za sababu za kuja kwa wakoloni, sita za athari za biashara ya watumwa, sita za kushindwa kwa wapiganaji wa Maji Maji. Utangulizi umekwisha kuandikwa, hitimisho limekwisha kuandikwa, na mwanafunzi anayesifiwa ni yule awezaye kuyamwaga yote kwenye karatasi bila kukosea mpangilio. Walimu tunashiriki katika kazi hiyo kwa bidii kubwa, maana tumeipitia mitihani ya nyuma mwaka baada ya mwaka na tumejifunza kwamba insha yenye hoja zinazotarajiwa, zikiwa zimetajwa na kuelezwa kidogo, humpatia mtoto alama zake. Mtoto wa mvuvi anayeihitaji divisheni hiyo ili aendelee na masomo hawezi kuambiwa asikariri wakati karatasi inayomsubiri inalipa kukariri.

Taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza huzitoa ninazisoma kila zinapotoka, na ninazithamini. Zinatueleza kwamba watahiniwa wengi hawakutambua swali linataka nini, kwamba maarifa yao ya mada yalikuwa haba, na kwamba Kiingereza chao kilikuwa dhaifu. Hayo yote ni kweli. Hata hivyo, mwanafunzi asiyetambua swali linataka nini mara nyingi ndiye aliyekariri jibu la swali linalofanana nalo. Ameona neno moja analolijua, akamwaga desa lote.

Suala la lugha sitalirefusha. Kwa miaka mingi mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili ameeleza kwa Kiingereza historia ya babu zake, akashindwa kuandika kile anachoweza kukisimulia vizuri kwa mdomo. Somo jipya linafundishwa kwa Kiswahili na kizuizi hicho kinaondoka. Hofu yangu ni kwamba pointi sita za Kiingereza zitageuka kuwa pointi sita za Kiswahili, madesa yatachapwa upya, na nafasi kubwa kabisa ambayo somo hili limewahi kuipata itapita hivi hivi.

Nitoe mfano wa hapa nilipo. Kutoka Kilwa Masoko, kisiwa cha Kilwa Kisiwani kinaonekana ng'ambo ya maji. Magofu yake yameorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na wanafunzi wangu wamekua wakiyatazama. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na katika maelezo ya safari yake akausifu mji kwa uzuri na akasema kwamba majengo yake yalikuwa ya miti. Lakini Msikiti Mkuu wa mawe ya matumbawe na chokaa ulikuwa umekwisha kusimama kabla hajafika, na sultani yuleyule aliyempokea ndiye anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa, jumba la mawe lililo juu ya jabali. Sasa mtahiniwa apewe sentensi hizo za Ibn Battuta, apewe na picha ya magofu, aulizwe: vipi vyote viwili viwe ni ushahidi wa mji mmoja?

Swali hilo halina jibu moja la kukariri, ila lina majibu mazuri na majibu mabaya, na msahihishaji aliyeandaliwa anaweza kuyatofautisha. Mtahiniwa anaweza kusema kwamba msafiri hakukaa Kilwa muda mrefu. Anaweza kusema kwamba safari hiyo alikuja kuisimulia ikaandikwa zaidi ya miaka 20 baadaye, na kumbukumbu za miji mingi zinaweza kuchanganyika. Nilipolipeleka swali hili darasani, msichana mmoja asiyekuwa miongoni mwa wanaoongoza kwa alama alifikiri kwa muda, kisha akasema kwamba nyumba za watu wa kawaida zilikuwa za miti na udongo, nazo zimeoza zamani, kwa hiyo sisi leo tunaona nyumba za Mungu na za matajiri peke yake, na huenda msafiri aliona zile ambazo sisi hatuwezi tena kuziona. Nimekuwa nikilifundisha somo hili kwa muda mrefu na sijawahi kupata jibu lililonifurahisha kama hilo. Katika karatasi ya mtihani tuliyonayo sasa, hakuna mahali ambapo msichana huyo angeliandika akapewa alama.

Vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vinanigusa zaidi, kwa kuwa vilianzia katika wilaya hii, kwenye vilima vya Umatumbi, watu wa Nandete walipong'oa pamba ya kulazimishwa mnamo Julai 1905. Mwanafunzi wangu yeyote anaweza kuoanisha jina la Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya dawa, na vita hivyo. Lakini Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga kabisa. Boma la Liwale lilitekwa baada ya kifo chake, Mahenge ilishambuliwa tarehe 30 Agosti, Wangoni waliingia vitani Septemba, na viongozi wa Ungoni wakanyongwa Songea tarehe 27 Februari 1906. Kijana aliyekariri kwamba Kinjikitile aliongoza Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 hajawahi kuulizwa ni nani basi aliyeviongoza katika sehemu kubwa ya muda huo, wala kwa nini watu wa makabila yasiyokuwa na mtawala mmoja waliendelea kupigana wakati mganga mwenyewe hayupo tena. Hilo ndilo swali la historia, nalo linaweza kuulizwa kwa orodha fupi tu ya tarehe iliyochapwa juu ya ukurasa.

Ushahidi wa vita hivyo tunao, tena kwa Kiswahili. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji Maji katika kizazi kilichoviona vita vyenyewe, na beti chache za utenzi huo zinatosha kumwuliza mtahiniwa mtunzi anasimama upande gani na ni maneno yapi yanayomfichua. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya simulizi za wazee waliovikumbuka vita hivyo, na waliyoyaandika yanaweza kuwekwa kando ya taarifa ya ofisa wa Kijerumani. Kuna pia hesabu ya waliokufa. Makadirio rasmi ya Wajerumani yalitaja watu 75,000, ilhali wanahistoria waliokuja baadaye wamekadiria kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiwa wameuawa na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Mtoto akiulizwa kwa nini tarakimu hizi zinatofautiana kiasi hicho, itambidi afikirie nani alihesabu, alihesabu nini, na kama mtu aliyekufa kwa njaa mwaka 1907 anaingia katika hesabu ya vita. Mimi naamini anaingia. Mwanafunzi anayefikiri vingine atoe sababu zake, na apewe alama kwa sababu hizo.

Ninajua ugumu ulioko upande wako. Watahiniwa wa Kidato cha Nne ni zaidi ya nusu milioni kwa mwaka, na kila mmoja anastahili kusahihishwa kwa kipimo kilekile. Lakini Baraza limekwisha kuifanya kazi inayofanana na hii katika masomo mengine. Mtihani wa Jiografia humpa mtahiniwa ramani na picha, akazisoma na kuzifasiri. Mtihani wa Kiswahili humpa habari ya ufahamu ambayo hajawahi kuiona. Hakuna mzazi aliyelalamika kwamba ramani hiyo haikufundishwa darasani, maana kinachofundishwa ni namna ya kuisoma ramani yoyote. Historia inaweza kupata kipengele cha namna hiyo bila kuvunja fomati yote: maswali ya kuchagua na ya kuoanisha yabaki, insha zibaki, na sehemu moja ya majibu mafupi iwe ya ushahidi.

Tena njia hii ina haki ndani yake. Mwanafunzi wa mjini ana twisheni, ana maduka ya vitabu, ana kaka aliyemwachia madesa. Mwanafunzi wa Liwale au wa visiwa vya Kilwa mara nyingi ana daftari lake na mwalimu mmoja mwenye vipindi vingi. Ushahidi ukichapwa ndani ya karatasi, wote wawili wanaanza na maandishi yaleyale, na wingi wa kurasa ambazo mmoja amezimeza hautamsaidia sana.

Kuhusu neno Maadili katika jina la somo, nina ombi dogo. Tafadhali lisije likawa orodha nyingine ya pointi sita za uzalendo. Kijana anayejifunza kumtendea haki shahidi asiyekubaliana naye, na kukiri pale ushahidi unapoishia, anafanya zoezi la maadili ndani ya historia yenyewe, nasi tunaweza kulipima.

Walimu nasi tutahitaji kusaidiwa, kwa kuwa wengi wetu tulifaulu kwa njia ileile ya kukariri na vyuoni hatukuzoezwa sana kutunga maswali ya ushahidi. Kijitabu kimoja chenye vipande vya maandishi, picha na simulizi, kikiandaliwa na Baraza pamoja na Taasisi ya Elimu Tanzania na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, kingetutosha kuanzia. Kiwe na vipande kutoka kila kanda, ili mtoto wa Kagera akutane na Kilwa na wa Kilwa akutane na Karagwe. Kiwe na majibu halisi ya wanafunzi, mazuri na dhaifu, yakiwa yamesahihishwa na sababu za kila alama zikiwa zimeandikwa pembeni. Kwetu walimu, kurasa hizo za majibu yaliyosahihishwa zitakuwa na faida kuliko semina.

Ninaomba mambo haya yatangazwe kabla watahiniwa wa kwanza wa somo hili hawajafika mwaka wao wa mwisho. Yakitangazwa baadaye, madesa yatakuwa yamekwisha kuenea na kambi zitakuwa zimekwisha kuzoea. Baadhi ya walimu wenzangu wa hapa Kilwa wako tayari kuyajaribu maswali ya mfano katika mitihani ya ndani ya muhula, kukusanya majibu ya wanafunzi bila majina yao, na kuyatuma kwa Baraza kupitia kwa Ofisa Elimu Sekondari wa Wilaya. Tunachosubiri ni maelekezo ya namna ya kuyawasilisha.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa Historia,
Wilaya ya Kilwa, Lindi