Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Elimu wa Jimbo, Haut-Katanga: anayechagua ualimu ajue anachokichagua

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mtoto akimaliza mwaka wa 8 na kufanya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuelekeza wanafunzi, familia ina wiki chache tu za kuamua aingie sehemu gani ya umanite, yaani miaka ya mwisho ya sekondari. Katika shule nyingi za Lubumbashi, mwenye alama nzuri za hesabu anapelekwa sayansi, na aliyekosa nafasi kwingine anaambiwa: "Basi nenda pedagojia," yaani sehemu ya ualimu. Kati ya hao wanaosukumwa wamo wachache wanaotamani kweli kusomesha, na hata wao hakuna aliyewaeleza kazi ilivyo. Tunaomba kila shule yenye pedagojia impe mzazi karatasi moja inayoeleza njia nzima kabla ya kuandikisha mtoto, na wewe mwenyewe urekebishe mahali pawili ambapo njia hiyo inakatika.

Njia yenyewe si ngumu kueleza. Umanite pedagojia ni miaka 4, kisha Mtihani wa Leta, ule wa serikali wa kumaliza sekondari. Diploma yake, ile inayoitwa D6, inamtosha mtu kusomesha shule ya msingi. Anayetaka sekondari aendelee ISP (chuo cha ualimu) ya Lubumbashi au chuo kikuu. Mzazi aliyezoea mfumo wa zamani wa vyuo, graduat ya miaka 3 na licence ya miaka 2 juu yake aelezwe kwamba katika LMD, mfumo mpya, licence ni miaka 3 na masta miaka 2, maana yeye ndiye atakayelipa.

Mahali pa kwanza inapokatika ni stazi, yaani mazoezi ya kufundisha darasani. Mwanafunzi anajifunza saikolojia, didaktiki na metodolojia kwa Kifaransa. Siku ya stazi anaingia darasa la 1, ambako kusoma na kuhesabu vinafundishwa kwa Kiswahili, na hana maneno. Hajui amwambie mtoto nini anapotoa 7 kwenye 12. Fishi yake, mpango wa somo ulioandikwa, ameinakili kwa mwenzake wa mwaka jana: lengo, marudio, somo jipya, muhtasari, mazoezi, vyote vimo, lakini dakika hazikugawanywa, kwa hiyo marudio yanakula nusu ya somo na mazoezi hayafanyiki.

Tazama somo la silabi. Mwanastazi anaandika ba, be, bi, bo, bu ubaoni, darasa zima linaimba naye, sauti inapanda, anatoka akiamini amefaulu. Angegusa bu kwanza, kisha be, kisha aite mtoto wa benchi la nyuma, angegundua kwamba wengi wamekariri wimbo bila kutazama herufi. Kosa hili linaonekana kwa dakika 2 kwa mtu aliyekaa mwisho wa darasa na daftari. Ila mara nyingi hakuna aliyekaa hapo: mwalimu wa darasa amepata nafasi ya kutoka kupumzika, na maksi zinaandikwa kwa kuangalia fishi. Sisi tunaliona hili kuwa baya kuliko upungufu wa vitabu.

Tunaomba uagize kila mwanafunzi wa mwaka wa 4 atoe masomo 10 yaliyotazamwa mwanzo hadi mwisho, 4 kati yake katika darasa la 1 au la 2 kwa Kiswahili, na baada ya kila moja akae na mwalimu robo saa kulijadili. Shule ya matumizi, yaani ile wanapofanyia stazi, isiyokubali kubakiza mwalimu darasani isipewe wanastazi.

Mahali pa pili ni matrikuli, namba ya mwalimu anayelipwa na Leta. Kijana akipata kazi, direkta wa shule anapeleka faili sous-division, ofisi ya elimu ya eneo: barua ya kupangiwa kazi, hati ya kuanza kazi, nakala ya diploma. Kutoka hapo inafuata DINACOPE, idara ya Leta inayoandaa malipo ya walimu, iliyorithi kazi ya SECOPE. Faili inakwama kwa sababu mbili hasa. Jina kwenye diploma halilingani na la kitambulisho, pengine kwa herufi moja au postnom (jina la pili) iliyoachwa. Hilo lisahihishwe kabla ya kuandikishwa Mtihani wa Leta, maana baadaye ni mateso. La pili ni zito zaidi: darasa lilifunguliwa bila kuingizwa kwenye orodha ya malipo. Hapo mwalimu anabaki NU, yaani mwalimu mpya asiyelipwa na Leta, mwaka hadi mwaka. Zamani michango ya wazazi ilimsaidia kula. Tangu Septemba 2019 shule ya msingi ya Leta ni bure, jambo tunalolitetea kabisa, lakini NU hana tena pa kushika.

Kwa hiyo, kila mwezi wa 7, sous-division zote zibandike ukutani orodha ya madarasa yanayotambuliwa na nafasi zilizo wazi, shule kwa shule. Direkta anayemchukua D6 kwa darasa lisilo kwenye orodha amwandikie hivyo, na kijana atie sahihi kabla hajashika chaki.

Kwa heshima,
Walimu wa kozi za pedagojia, Lubumbashi